Damu Ikiganda Safarini, Nani Alipe?

Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu kikombe cha kahawa. Mtoto wa kike alikuwa akisafiri na baba yake kutoka Mallorca kwenda Vienna. Mhudumu alimpa baba kahawa ya moto, baba akaiweka kwenye meza ndogo ya kukunja iliyo mbele ya kiti, kikombe kikateleza, kahawa ikammwagikia mtoto na kumuunguza. Haikujulikana kama meza ilikuwa na kasoro au ndege ilitikisika. Mahakama ilisema hilo halina uzito. Jambo la kudhuru limetokea ndani ya ndege, ghafla, bila mtu kulikusudia: hiyo ni ajali, na kwa ajali dhima ni ya shirika la ndege.

Miaka 14 kabla ya hapo, Desemba 2005, Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimaliza shauri la kundi la abiria waliopata mabonge ya damu kwenye mishipa ya miguu baada ya safari ndefu za ndege. Wapo walioumia vibaya, na wapo waliokwisha kufa, madai yao yakaendeshwa na jamaa zao. Hawakuambulia chochote. Wala hawakushindwa kwa upungufu wa ushahidi, maana shauri lilisikilizwa kana kwamba kila walichokidai dhidi ya mashirika ni kweli: kwamba yalizijua hatari hizo na hayakuwaonya abiria. Hata kwa dhana hiyo, mashirika yalishinda.

Kuungua kwa kahawa kunalipwa, kufa kwa bonge la damu hakulipwi. Jamaa wa marehemu wanapofika kwa wakili na swali hili, kuwaambia tu kwamba sheria ndivyo inavyosema ni kuwakosea heshima. Wana haki ya kuelezwa hatua kwa hatua jinsi sheria ilivyofika hapo, na ni wapi palipobaki mwanya.

Tuanze na mguu wenyewe. Damu inayoshuka miguuni husukumwa na moyo, lakini ya kurudi juu hutegemea zaidi misuli ya kigimbi. Kila mtu anapopiga hatua, misuli hukaza na kuzikamua vena zilizo katikati yake, na vilango vidogo ndani ya vena huizuia damu isirudi chini. Ukikaa saa nane umekunja magoti, ukingo wa kiti umebana nyuma ya mapaja, kazi hiyo husimama. Damu hutuama. Ikituama kwa mtu ambaye damu yake tayari ina mwelekeo wa kuganda, bonge hujijenga ndani kabisa ya mguu, mahali ambapo jicho halioni. Bonge likibaki hapo, mguu huvimba na kuuma. Likikatika kipande, kipande hicho hupanda hadi moyoni, kikasukumwa kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Hapo ndipo mtu aliyekuwa mzima huanguka.

Jambo hili lilijulikana kabla ya ndege za masafa marefu. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiipiga London kwa mabomu, maelfu ya watu walilala kwenye mahandaki wakiwa wamejiegemeza kwenye viti vya kukunja vya turubai. Daktari Keith Simpson, mtaalamu wa kuchunguza maiti, aliona vifo vya ghafla vinavyotokana na mabonge ya mapafuni vikiongezeka mara kadhaa, na akaandika kuhusu hilo katika jarida la Lancet mwaka huohuo. Aliyafuatilia hadi kwenye viti: ubao wa mbele wa kiti uliwabana watu nyuma ya mapaja usiku kucha. Kilichowaua walikipata kwenye viti vilevile walivyokalia wakikimbia mabomu. Mwaka 1954 daktari Mmarekani John Homans alieleza mabonge ya miguuni kwa watu waliokaa muda mrefu, akiwemo abiria wa ndege.

Kwa hiyo tatizo ni kukaa bila kusogea, popote pale. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kusafiri zaidi ya saa 4 ukiwa umeketi huongeza hatari ya kuganda damu karibu maradufu, na kwamba basi, treni na gari dogo vina hatari hiyo kama ndege. Kwa mtu mwenye afya, hatari baada ya safari ya ndege inayozidi saa 4 ilikadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 6,000. Ni hatari ndogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini ukikumbuka ni abiria wangapi huruka kila siku, si watu wachache. Umbali nao una sauti yake. Madaktari wa Ufaransa walihesabu abiria waliotua uwanja wa Charles de Gaulle wakiwa tayari wana bonge kubwa mapafuni: kwa safari zisizofika kilomita 5,000 walikuta tukio 0.01 kwa kila abiria milioni, na kwa zinazozidi kilomita 10,000 wakakuta 4.8.

Magazeti ya Ulaya yaliupa ugonjwa huu jina la daraja la bei nafuu, na jina hilo limepotosha wengi. Wanaokaa daraja la biashara nao huganda damu. Kinachohesabika zaidi ni kiti cha dirishani, kwa sababu aliyeko huko huona haya kuwaamsha majirani wawili ili apite, basi hubaki amekaa hadi kutua. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyewahi kuganda damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua juzi, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, mnene kupita kiasi, na mwenye ugonjwa wa seli mundu. Hili la mwisho nalitaja kwa makusudi, kwa sababu vipeperushi vingi vinavyoandikwa Ulaya hulisahau, na kwetu wagonjwa wa seli mundu ni wengi.

Madai mahakamani yalichochewa na kifo cha abiria mmoja kijana, mwenye afya, aliyekuwa akirudi Uingereza kutoka Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Habari zilienea, wengine wakajitambua katika kisa hicho, na mawakili wa Uingereza na Australia wakaanza kukusanya majina.

Walipofungua vitabu vya sheria walikutana na kitu ambacho msafiri wa kawaida hakijui. Safari ya ndege ya kimataifa haiongozwi na sheria ya uzembe tunayoitumia dhidi ya mwenye basi au mwenye hoteli. Inaongozwa na mkataba kati ya nchi. Wa kwanza ulitiwa saini Warsaw tarehe 12 Oktoba 1929, enzi ambayo ndege zilikuwa chache, zikianguka mara kwa mara, na ajali moja iliweza kulifilisi shirika. Mapatano yalikuwa haya: abiria akiumia katika ajali, hatalazimika kuthibitisha kosa la shirika, na ni shirika litakalobeba mzigo wa kuonyesha kwamba lilichukua kila hatua iliyohitajika. Shirika nalo likawekewa ukomo wa fidia, faranga 125,000 za dhahabu kwa kila abiria, sawa na takriban dola 8,300 za Marekani. Ukomo ulipandishwa baadaye, na hatimaye mkataba mpya ukaandikwa Montreal tarehe 28 Mei 1999, ukaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga mapema.

Moyo wa mikataba yote miwili ni ibara ya 17. Shirika linawajibika kwa kifo au jeraha la mwili la abiria, kwa sharti kwamba ajali iliyoleta madhara hayo ilitokea ndani ya ndege au wakati wa kupanda au kushuka. Ajali yenyewe ni nini, mkataba haukueleza. Mahakama ndizo zilizolazimika kujaza pengo hilo.

Jibu ambalo dunia nzima imelifuata lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1985, katika shauri la Air France dhidi ya Saks. Mdai alikuwa akisafiri mwaka 1980 kutoka Paris kwenda Los Angeles. Ndege ilipoanza kushuka alisikia maumivu makali katika sikio la kushoto, na baadaye sikio hilo likawa kiziwi. Mtambo unaorekebisha presha ya hewa ulichunguzwa, ikaonekana ulifanya kazi kama siku zote. Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, lililo nje ya mwili wa abiria. Mwili wa abiria ukidhurika kwa kuitikia uendeshaji wa kawaida wa ndege, hakuna ajali, hata kama madhara yenyewe ni makubwa. Aliongeza jambo moja ambalo watu husahau: madhara huzaliwa na mfululizo wa sababu, na abiria akithibitisha kwamba mojawapo ilikuwa tukio la namna hiyo, inatosha.

Liweke bonge la damu mbele ya kipimo hicho. Ndege imeruka salama, chakula kimegawiwa, taa zimezimwa, watu wamelala, ndege imetua kwa wakati. Rubani hakukosea kitu. Viti vilikuwa na nafasi ileile iliyopo kwenye ndege nyingine za aina hiyo. Kilichoumiza ni ukawaida wenyewe.

Mawakili wa wadai waliliona hilo, ndiyo maana walielekeza nguvu kwenye ukimya wa mashirika. Yalijua, walisema, na hayakumwambia abiria asimame, anyooshe miguu, anywe maji, amwone daktari kwanza kama yuko hatarini. Jaji Nelson wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliikataa hoja hiyo Desemba 2002. Mahakama ya Rufani, chini ya Lodi Phillips, iliikataa tena Julai 2003, kwa maelezo kwamba kutofanya jambo hakuwezi kuitwa tukio. Juni 2005 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilifikia hapohapo katika shauri la Povey, abiria aliyekuwa amesafiri kati ya Sydney na London kwa Qantas na British Airways. Jaji McHugh peke yake alipingana na wenzake. Miezi michache baadaye Baraza la Malodi likafunga ukurasa upande wa Uingereza. Marekani nako mahakama za rufani zilisema hivyo mwaka 2004, katika mashauri dhidi ya Continental na Ansett, na mwaka 2008, dhidi ya American Airlines, zikaenda mbali zaidi: kutoonya si ajali hata pale mamlaka za serikali zilipoyaomba mashirika yatoe onyo.

Nimezisoma hukumu hizi, na naona majaji waliisoma ibara ya 17 kwa uaminifu. Mtu hawezi kuiita safari iliyokwenda sawasawa ajali bila kulivuruga neno lenyewe. Kinachoniuma ni kile kinachofuata baada ya jibu hilo, yaani kwamba aliyeshindwa chini ya mkataba hana pengine pa kwenda.

Agosti 1990 ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka London ilitua Kuwait ili ijaze mafuta, saa chache baada ya majeshi ya Iraq kuivamia nchi hiyo. Abiria walikamatwa na kushikiliwa mateka. Waliporudi kwao walishtaki, wakidai kwamba kutua pale siku ile kulikuwa uzembe. Ndege haikupata ajali, kwa hiyo mkataba haukuwasaidia, nao wakaomba walipwe chini ya sheria ya kawaida ya uzembe. Desemba 1996 Baraza la Malodi liliwaambia kwamba haiwezekani. Abiria wa safari ya kimataifa ana haki zile tu ambazo mkataba umempa, na pale mkataba ulipomnyima, sheria ya nchi haiwezi kumrudishia. Marekani ilikubali hivyo mwaka 1999 katika shauri la El Al dhidi ya Tseng, na ibara ya 29 ya Mkataba wa Montreal imeliandika jambo hilo waziwazi.

Unganisha sasa hukumu hizo. Ya Saks inamwambia mjane kwamba mumewe hakupata ajali. Ya Kuwait inamwambia kwamba, kwa kuwa hakupata ajali, uzembe wa shirika hauchunguzwi kabisa. Hakuna jaji atakayekaa kusikiliza shirika lilijua nini, tangu lini, na lilishindwa nini kuchapisha karatasi moja ya maonyo. Mchukue abiria wa basi anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ambaye kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2007 yuko katika hatari ya namna ileile. Huyo, akiganda damu, anaweza angalau kufungua dai la kawaida la uzembe dhidi ya mwenye basi. Pengine atashindwa, kwa sababu kuthibitisha kwamba onyo lingemwokoa ni kazi ngumu: itabidi aonyeshe kwamba angelisikia, angelifuata, na kwamba kwa kulifuata bonge lisingejijenga. Lakini atashindwa akiwa amesikilizwa. Abiria wa ndege, aliyelipa nauli kubwa mara kumi, hazungumzi kabisa.

Je, mkataba ungeweza kuandikwa vingine? Ungeweza, na uliwahi kuandikwa. Mwaka 1971 nchi zilikutana Guatemala na kutia saini itifaki ya kurekebisha Warsaw. Itifaki hiyo iliondoa sharti la ajali na kuweka tukio badala yake, ila ikamwondolea msafirishaji dhima pale ambapo madhara yametokana na hali ya afya ya abiria peke yake. Sisemi kwamba wagonjwa wa mabonge wangeshinda chini ya maneno hayo. Mashirika yangesema damu ya mtu ni afya yake, na wadai wangejibu kwamba damu yake haikuganda yenyewe, iligandishwa na saa 14 za kubanwa. Mabishano hayo ndiyo hasa yaliyostahili kusikilizwa, madaktari wakiwa mashahidi pande zote mbili. Itifaki ya Guatemala haikupata nchi za kutosha, haijawahi kutumika hata siku moja. Wajumbe walipokaa Montreal mwaka 1999 walirudi kwenye ajali ya mwaka 1929, na wakati huo maandiko ya madaktari kuhusu mabonge ya safarini yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40.

Upo mwanya mmoja, nao ulifunguliwa na kifo cha mtu mwenye pumu. Januari 1998 daktari mmoja alikuwa akirudi Marekani na familia yake kwa ndege ya Olympic Airways kutoka Athens. Uvutaji sigara ulikuwa bado unaruhusiwa katika viti vya nyuma. Mke wake alikwishaonyesha barua ya daktari uwanjani Cairo, walikoanzia safari ya kurudi, na kuomba viti vya mbali na moshi. Walipopanda ndege Athens wakakuta wamepangiwa safu tatu tu mbele ya wavutaji. Mke alimwomba mhudumu amhamishe mumewe. Akaambiwa akae. Aliomba tena kabla ya kuruka, akajibiwa kwamba ndege imejaa na mhudumu ana kazi nyingi. Ndege ikaruka, sigara zikawashwa, akaomba mara ya tatu, akaambiwa awabembeleze abiria wengine mwenyewe. Ndege haikuwa imejaa. Ilikuja kubainika kwamba viti 11 vilikuwa vitupu. Baada ya saa mbili hivi moshi ulizidi, mgonjwa akasogea mbele kutafuta hewa, akachomwa sindano ya dharura, akafariki.

Shirika lilijitetea kwa hoja ileile iliyowashinda wenye mabonge: moshi katika sehemu ya wavutaji ni wa kawaida, na kukataa kumhamisha mtu ni kutofanya kitu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo, Jaji Clarence Thomas akiandika kwa niaba ya walio wengi. Kukataa ombi la mgonjwa mara tatu, kinyume cha desturi za mashirika na maagizo ya shirika lenyewe, kulikuwa tukio lisilo la kawaida, tena moja ya sababu zilizofuatana hadi kifo. Jaji Antonin Scalia alipinga, akikumbusha kwamba mahakama za Uingereza na Australia zilikuwa zimesema kinyume kuhusu mabonge ya damu na kwamba mkataba mmoja unapaswa kusomwa namna moja kila nchi. Juu ya umuhimu wa kusoma pamoja yuko sahihi. Lakini kati ya kunyamaza na kumkatalia mtu aliyesimama mbele yako akiomba msaada kuna umbali mkubwa, na mahakama ilikuwa na haki ya kuuona. Mwaka 2023 mahakama ya Ulaya nayo ilisogea upande huo katika shauri dhidi ya Austrian Airlines, ikasema kwamba huduma ya kwanza iliyotolewa vibaya ndani ya ndege baada ya ajali huhesabiwa kuwa sehemu ya ajali hiyo.

Kwa msafiri wa kwetu, hili lina maana ya vitendo. Nairobi kwenda New York bila kutua ni takriban saa 15. Anayetoka Dar es Salaam au Zanzibar kwenda Toronto kupitia Ghuba hukaa kwenye viti muda kama huo au zaidi, na tiketi yake ikiwa moja, kipande cha ndani cha Mwanza hadi Dar nacho huhesabika kuwa sehemu ya safari ya kimataifa. Kama una mojawapo ya hali nilizozitaja, mwone daktari kabla ya kununua tiketi, si siku ya safari. Akiona inafaa atakuandikia soksi za kubana zinazofika chini ya goti, au sindano ya kuzuia damu isigande. Usijitibu kwa aspirini kwa kusikia tu, kwani haipendekezwi kwa kazi hii. Omba barua yake, omba kiti cha ujiani kwa maandishi ukiwa unakata tiketi, na upande ndege ukiwa na barua hiyo.

Ukiwa ndani, inuka kila inapowezekana. Mhudumu akikuzuia kusimama wakati taa ya mikanda imewaka, anatimiza wajibu wake. Akikukatalia kuhama au kusimama wakati hakuna hatari yoyote, nawe umemweleza hali yako na kumwonyesha barua, hapo jambo limebadilika. Andika saa, namba ya kiti, jina lililo kwenye beji yake, na mwombe jirani aliyesikia akupe namba ya simu. Bila hayo utabaki na neno lako dhidi ya shirika zima. Mahakama za Nairobi na Dodoma hazifungwi na hukumu za Washington wala London, lakini huzisoma kwa uzito, na wakili mwenye ushahidi wa aina hiyo ana cha kusimamia.

Baada ya kutua, usisahau kwamba hatari haiishi uwanjani. Bonge linaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi kazini. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kigimbini, kifua kuchoma unapovuta pumzi, kuhema bila sababu, kukohoa damu: nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari, bila kusubiri akuulize, kwamba ulisafiri. Wagonjwa wengi hutibiwa homa ya mapafu au msuli ulioteguka kwa sababu tu hakuna aliyetaja ndege.

Kuhusu fedha, angalia bima kabla ya kumtazama mwenye ndege. Bima ya safari, ambayo anayeomba viza ya Schengen lazima aikate kwa kiwango cha angalau yuro 30,000, hulipia matibabu bila kujali kama palitokea ajali, mradi hukuficha ugonjwa uliokuwa nao. Soma kipengele cha magonjwa ya awali, ndicho kinachowanyima wengi. Na kama unaamini una dai dhidi ya shirika, Mkataba wa Montreal unakupa nafasi ya kushtaki hata katika nchi unayoishi, ilimradi shirika linafanya biashara ya kusafirisha abiria huko. Una miaka miwili tu, inayohesabiwa tangu ndege ilipofika, au siku ilipopaswa kufika. Miaka miwili ikipita haki yenyewe hufa, na mazungumzo yenu na ofisi ya malalamiko ya shirika hayaisimamishi saa.

Ukithibitisha ajali, shirika haliwezi kukwepa fidia ya hadi 151,880 za Haki Maalumu za Utoaji, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambazo ni takriban dola 200,000 za Marekani, isipokuwa kwa kadiri wewe mwenyewe ulivyochangia kuumia. Kupita hapo, linaweza kujinasua kwa kuonyesha kwamba halikuwa na uzembe. Kiwango hicho kilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, kutoka 128,821 za mwaka 2019, na kabla yake 113,100 za mwaka 2009. Ibara ya 24 inalazimisha kipitiwe kila baada ya miaka mitano ili kiendane na mfumuko wa bei, na zamu nyingine ni mwaka 2029. Ibara ya 17 haina utaratibu wa namna hiyo. Ili iguswe, inabidi nchi zikubaliane kukutana upya, na hadi leo hakuna mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo.